Huyu Anasoma, Haongei

9 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri na hayo mafua ya koo yamekwisha, maana mafua gani ya tangu mwaka jana. Sisi huku wazima. Bonge ameota meno ya mbele na sasa kumnyonyesha ni vita, ananing'ata halafu ananitolea macho kama mimi ndiye niliyemkosea. Shemeji yako bado anachomelea mageti. Juzi cheche ilimrukia mkononi, akarudi amenuna, akataka nimpulizie, mtu mzima na ndevu zake. Nikampulizia. Anakusalimia sana. Mwanao Chiriku ndiye kabisa hana shida, zile gauni ulizomwachia sasa anazivaa kama blauzi. Anaongea tangu akifumbua macho mpaka akiyafumba. Majirani wanasema akinyamaza kidogo wanakuja kuchungulia kama tumehama.

Kanda yako imefika. Yule utingo wa lori aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, imefungwa vizuri kwenye soksi. Nikampindulia Chiriku ndoo akae mbele ya redio, nikamwambia, "Haya, mama yako huyo." Unajua tangu mlipokatazwa kutumia simu kazini kwenu, kila tukipita dukani lazima amuulize muuzaji kama umepiga. Kanda ikaanza. "Mwanangu mpendwa, hujambo? Mimi mama yako sijambo. Ninakupenda sana. Uwe na adabu kwa mama yako mdogo, na uwe mtoto mwenye bidii."

Dada, nakuambia kama ilivyokuwa, usinichukie. Alisikiliza mpaka hapo kwenye bidii, akashuka kwenye ndoo, akasema, "Huyu siyo mama. Huyu anasoma, haongei." Akatoka nje kucheza.

Nikamwita, "We, mama yako huyo, ni redio tu inambadilisha."

Akajibu huko huko uani, "Basi zima. Akiacha kusoma uniite."

Nilicheka. Lakini baadaye nikairudia peke yangu nikikunja nepi, na kwa kweli mtoto ana haki yake. Sauti ni kama yako, hilo sibishi. Ila wewe lini ulimaliza sentensi? Wewe unaanza jambo, unaliacha njiani, unashika jingine, halafu unacheka kabla kichekesho hakijafika. Sisi tunacheka kwa sababu umecheka, na kichekesho chenyewe siku nyingine hakifiki kabisa. Halafu hiyo "mwanangu mpendwa" umeitoa wapi? Huyu unamwita "we kiumbe". "We kiumbe, hebu njoo hapa, nani kakupaka masizi, nani, siyo wewe, ni mimi eti, haya geuka." Hayo ndiyo mapenzi yenu ninayoyajua mimi.

Najua ukiwekewa mashine mbele, mdomo unakauka. Hata mimi siku ya harusi yangu waliponipa kipaza sauti nilisema asanteni kwa kuja kama mtu anayesoma kibao cha ofisini. Sasa fanya hivi. Usiandike kwanza. Shika kazi yoyote mkononi, piga pasi, kata vitunguu, halafu bonyeza uongee kana kwamba yuko nyuma yako anakuvuta gauni. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unasahau kujipanga.

Ni mimi mdogo wako, na Bonge naye ameweka sahihi, hilo doa la maziwa hapo pembeni.


3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe pole shemeji na mkono wake, na wewe pole na hayo meno. Mpake Bonge asali kidogo kwenye ufizi, hapana, bado mdogo, usimpake. Mimi naendelea vizuri. Hotelini wageni ni wengi na sisi wa kufua hatuna pumziko, mashuka yanakuja kama mafuriko. Mwenzangu wa chumbani, yule anayepakia biskuti kiwandani, anakusalimia. Amekuwa kwangu zaidi ya ndugu.

Uliyoyaandika nimeyasoma zaidi ya mara moja. Ni kweli, nilisoma. Nilikuwa nimechoka siku ile. Nimefuata ulivyosema na kanda nyingine hiyo nimempa utingo.

Ila nina ombi. Niandikie ninavyoongea. Hasa hasa vile nilivyokuwa nikimwambia wakati wa kumwogesha. Kama unayakumbuka maneno yenyewe yaandike kama yalivyo, na pale ninapocheka uweke alama. Mtu hajisikii mwenyewe.

Mbusu Chiriku kwenye kisogo, pale penye kovu.

Dada yako


30 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo. Bonge amejifunza kusimama kwa kushika kiti, halafu hajui kukaa, basi anasimama pale analia mpaka aje mtu wa kumkalisha. Shemeji yako amepata kazi ya dirisha la shule na amefurahi. Mimi nimekonda kidogo lakini siumwi, ni huyu Bonge tu ananimaliza.

Kanda ya pili imefika. Nimesikia kisu kinakata vitunguu, tak, tak, tak, nikasema ahaa, leo ndiyo leo. Nikasikia na "we kiumbe". Dada, sijui niseme vipi. Maneno yako yote yamo, lakini ni kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na funguo za kuazima, anafungua kila mlango taratibu asije akakosea. Na kile kicheko. Kilikuja kimevaa vizuri, kikabisha hodi, kama mgeni aliyekosea siku. Hata vitunguu ulikuwa unaacha kuvikata kwanza ndipo useme. Mtu anayekata kweli haachi.

Chiriku aliuliza, "Mama wa redio anacheka nini?" Ndivyo anavyomwita sasa, mama wa redio. Ameufanya mchezo. Anakaa wima, anakunja mikono, anasema "mwanangu mpendwa, hujambo", halafu Bonge anacheka mpaka anaanguka. Kwanza na mimi nilikuwa nacheka. Jana baada ya mchezo akaniuliza, "Na mama wa kweli yuko wapi?" Nikamwambia ni huyo huyo. Akaniangalia ile ya kunionea huruma.

Umeniomba maneno ya kuogeshea. Yalikuwa hivi. "Lete mguu, siyo huo, huo nimeshauosha, au bado, haya lete yote miwili, nani atanikopesha mtoto msafi, hakuna." Hapo kwenye "au bado" ndipo unapocheka. Lakini kwa nini unataka nikuandikie? Mtu anafundishwa kuwa yeye? Usifuate nilivyoandika, utaharibu. Wewe ongea tu. Kama una hasira, ongea na hasira. Kama umechoka, piga miayo humo humo. Mtoto atakujua kwa miayo kuliko kwa hayo mapambo.

Mdogo wako


14 Mei

Kwako Dada,

Shikamoo. Tangu ile ya mwisho sijapata barua wala kanda. Utingo nimemuuliza, anasema alikuja hapo ukamwonyesha kwa mkono kwamba huna mzigo. Kwa mkono tu. Hata salamu hukumpa, anasema ulifunga mlango.

Sisi wazima. Bonge anatembea.

Sasa niruhusu niseme. Kama umepata mtu huko, sema, mimi siyo mama mkwe wako. Kama umepanda cheo na sisi tumekuwa watu wa kusalimiwa kwa kusomewa, sema pia. Shemeji yako ananiambia niache, eti kila mtu na mzigo wake. Lakini yeye haulizwi maswali ninayoulizwa mimi. Chiriku haulizi tena dukani. Tukipita pale anaangalia upande wa pili. Na wiki hii ameanza kuniita mama. Siyo mama mdogo. Mama tu, kama anavyosikia Bonge akiniita. Mara ya kwanza nilimrekebisha. Mara ya pili nilimrekebisha. Jana alikuwa ameumia goti, akaja analia, akaniita hivyo, na sikumrekebisha. Nilimbeba.

Nakuandikia ujue kwamba hili ndilo linalokwenda. Siyo gauni, siyo viatu, tunashukuru kwa hivyo. Mtoto ndiye anayekwenda. Dada, jinsi ulivyo mwepesi wa kuongea, unakosaje neno moja la kweli la kumwambia mwanao?

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia Bonge anatembea. Sikia, keti kwanza. Kama Chiriku yuko karibu mtume nje.

Sikupata mtu. Yale mafua hayakuwa mafua. Kulikuwa na uvimbe kooni, na nilikuwa nikijua tangu siku nyingi lakini kwenye simu nikikohoa nilikuwa nakwambia ni mafua na wewe unaniambia ninywe maji ya moto. Madaktari walisema wakiuacha utanimaliza, na wakiutoa utaondoka na sauti yangu. Wakaniambia nichague. Nikamfikiria Chiriku nikasema toeni. Sasa nina tundu chini ya shingo, hapo ndipo ninapopumulia, nalifunika na kitambaa. Nikifungua mdomo hakitoki kitu. Siyo sauti ndogo, wala siyo ya kukwaruza. Hakuna. Utingo alinisalimia na mimi ningemjibu nini?

Kabla ya kulazwa nilikwenda kwenye simu ya kulipia, nje ya hospitali, nikapiga pale dukani. Nilitaka Chiriku anisikie mara ya mwisho, na mimi nimsikie akinisikia. Muuzaji akasema mmetoka. Nikamwambia basi, sina neno, nitapiga tena.

Aliyeongea kwenye kanda ni mwenzangu wa chumbani. Zamani watu walikuwa wakitupigia hodi wanatuchanganya, sauti zetu zilikuwa karibu hivyo. Mimi niliandika, yeye akasoma. Uliposema tuache kuandika, akakata vitunguu mpaka macho yakavimba, mimi nimeketi mbele yake namwonyesha kwa mikono, hapa haraka, hapa cheka. Kicheko alijizoeza kwenye kioo. Barua yako ya mgeni aliyekosea siku aliifungua yeye, alikuwa na hamu ya kujua kama safari hii mtoto amekubali. Alipomaliza akaiweka mezani, akatoka kuanua nguo ambazo hazijakauka. Usijilaumu. Ulisema kweli, na hukujua unamwambia nani.

Kazini wamenitoa kwenye pasi kwa sababu ya mvuke, niko kwenye kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Tulikuwa tunaitikiana, vuta, lete, geuza, na tukisema ya watu humo humo. Sasa mwenzangu wa kukunja ananiangalia macho ili ajue lini avute. Naye ameacha kuongea, anaona haya kuongea peke yake. Tunakunja kama tuko msibani.

Nina ombi jingine na hili ndilo kubwa. Wewe nilikubeba mgongoni mpaka ukaanza shule. Maneno yako umeyaokota kwangu. Nikisoma barua zako najisikia mimi. Mwongeleshe Chiriku wewe, badala yangu. Mara moja tu, kwenye kanda, asikie mama yake yupo na hajamsahau. Halafu nisikilizishe na mimi. Nimeanza kusahau nilivyokuwa.

Dada yako


18 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sina salamu za kupanga leo. Tuko hai.

Barua yako niliisoma nimesimama, sikuketi kama ulivyosema, nikaishia kuketi mwenyewe. Shemeji yako alikuja akanikuta nimekaa na nguo mbichi mapajani, akaisoma na yeye, akatoka nje akasimama karibu na geti la watu alilokuwa amelileta kulimalizia. Alisimama tu. Hakuwasha mashine.

Siku ile uliyopiga nakumbuka. Tulikuwa tumempeleka Bonge kupimwa uzito. Muuzaji alituambia umepiga na umesema huna neno. Nikamwambia Chiriku mama atapiga kesho. Nilisema hivyo hivyo, nikimvuta mkono, nikawaza habari ya mboga.

Mpe mwenzako salamu zangu, na mwambie sijui niombe vipi msamaha. Nimezisikiliza tena zile kanda zote mbili. Sasa nasikia kitu kingine kabisa. Nasikia mtu anayeogopa kumvunjia mwenzake kitu.

Nilifanya ulivyoniomba. Chiriku nilimpeleka kwa jirani, nikafunga mlango, nikabonyeza, nikasema, "We kiumbe." Nikasimamisha. Nilisikika kama mnadi mitumba. Nikarudia kwa upole, nikasikika kama nesi anayetaka kukuchoma sindano. Nikarudia na kazi mkononi, mimi mwalimu wenu wa vitunguu, na bado nilikuwa najisikia mwenyewe kila neno, kama mtu anayejifunza kutembea huku anaangalia miguu. Nikasema basi, nimeshindwa, nikaiacha inazunguka nikaanza kufua. Bonge akaja akashika beseni, akaliangusha lote. Nikageuka nikasema, "We kiumbe, nani kamwaga maji, nani, siyo wewe, ni mimi eti, haya ogelea basi, au bado," na pale nikacheka. Dada, kilikuwa kicheko chako. Kilikuja kabla ya wakati wake. Sikukiita. Nilikaa pale pale chini kwenye maji, na nikaendelea kuongea, sijui niliongea nini, nikipiga deki kwa kitambaa. Baadaye nikafuta ya mwanzo, nikafuta na kilio cha Bonge, nikaiacha hiyo iliyobaki.

Nikamwita Chiriku. Alikuja kwa kujivuta, akasema hataki mama wa redio. Nikawasha. Aliposikia nani kamwaga maji akaijibu redio, "Siyo mimi, mama, mimi sikuwepo." Halafu akanyamaza, yule mtoto, akanyamaza, akaweka shavu kwenye spika. Ilipokwisha akasema, "Ameacha kusoma." Akaniomba nimrudishie, nikamrudishia, akaomba tena. Alikula ameketi pale pale. Alimwonyesha mama wa redio goti lake lililopona.

Nilitaka kufurahi kwa sababu ndicho ulichotaka. Lakini nilikuwa nimesimama mlangoni na nikaona kama nimevaa gauni lako na mtoto amekumbatia gauni. Mwenzako alisema kwa moyo wote na mtoto akamkataa. Mimi nimemdanganya, na kwa sababu nimedanganya vizuri amenikubali.

Shemeji yako aliazima redio nyingine tukatoa nakala. Hiyo hapo, kwenye soksi yako ile ile.

Mdogo wako


10 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote nawasalimu, na Bonge umwambie amefanya kazi kubwa kuliko wengi.

Kanda tuliisikiliza kitandani, mimi na mwenzangu, mchana wa siku ya mapumziko. Alipoisikia alinigeukia, akasema polepole, "Kumbe ndiyo ilikuwa hivi." Akaniomba tumalize yote asikie. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Nilifuatisha. Maneno yale sikuwahi kuyasema mimi, umeyasema wewe kwenye maji yako, lakini kila neno nilijua linakuja kabla halijafika, na kwenye kicheko tulicheka pamoja, wewe kwa sauti na mimi kwa mabega. Kwa muda mfupi nilikuwa naongea. Kisha ikakwisha, nikawa nimekaa na mdomo wazi.

Usifanye nyingine. Siyo kwamba ni mbaya. Ingekuwa mbaya ningekwambia rudia. Fikiria siku nimekuja, nimekaa mbele yake na kitambaa changu shingoni, nafungua mdomo hakuna kitu, na pale kwenye redio kuna mama anacheka na kumwita we kiumbe. Atamwamini nani? Mimi ningekuwa yeye ningemfukuza huyu bubu nikaweka shavu kwenye redio. Nimejifungia mlango na nimekupa wewe uugongomelee.

Nimewaza labda nisije. Kanda anayo, na ameshaanza kukuita mama. Mwambie nimepata kazi mbali zaidi, mahali hakuna lori. Watoto wanasahau, si wanasema hivyo? Nitaendelea kutuma nguo, na utakapoona inafaa hata nguo utamwambia umenunua wewe.

Nijibu upesi, maana nikilifikiria peke yangu naliona ni jambo la akili.

Dada yako


5 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Bonge hajambo, shemeji yako hajambo, mimi sijambo ya kusemea tu. Umeniambia nijibu upesi na nimechelewa, kwa sababu kwanza nilitaka kufanya halafu ndipo nikwambie, ungenikataza.

Nimemwambia Chiriku.

Sikutafuta maneno. Tulikuwa tumekaa kizingitini namsuka, kichwa kiko mapajani kwangu, haoni uso wangu wala mimi sioni wake. Nikamwambia mama yako aliumwa koo, madaktari wakatoa ugonjwa, sauti ikatoka nao. Hawezi kuongea tena. Yule wa kusoma alikuwa rafiki yake, alikuwa anamsaidia. Akauliza, "Na yule aliyeacha kusoma?" Nikasema, "Ni mimi." Mkono wangu ulikuwa kwenye nywele zake, nikasikia shingo imekaza.

"Ulisema we kiumbe."

"Nilisema."

"Kwa nini ulisema kama mama?"

"Nilitaka ufurahi."

Hakulia. Aliniacha nimalize kumsuka upande uliobaki, akasimama, akaenda kuitoa kanda kwenye redio, akanipa. Basi.

Baadaye akaanza maswali, lakini siyo ya sauti. Sauti hajaiuliza tena mpaka leo. Anauliza hilo tundu lina ukubwa gani, kama kitufe au kama shilingi. Kama linauma ukilifunika. Kama unaweza kupiga chafya, na chafya inatokea wapi. Kama mikono bado unayo yote miwili. Nikamwambia unayo. Akasema, "Basi ataniogesha." Dada, umeniambia watoto wanasahau. Huyu anakupimia kitambaa cha shingoni kwa mdoli.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari ya kazi ya mbali ambako hakuna lori. Shemeji yako ananicheka, eti mimi kila siku natumaini, hata maziwa yakimwagika nasema angalau sakafu imepata kitu. Sawa. Lakini nimefikiri, kwa akili yangu hii ndogo, kwamba kosa halikuwa kwenye mdomo wa mwenzako, wala kwenye vitunguu, wala kwenye kuandika kwanza. Sisi sote watatu tulikuwa tumeshika kitu nyuma ya mgongo, na mtu mwenye kitu nyuma ya mgongo hawezi kutembea vizuri. Wewe huna cha kuficha tena. Ukija ukamwangalia tu, utakuwa umeongea. Mimi ndiye nisiyejua nitaongeaje.

Maana sijakwambia yote. Tangu siku ile hanielezi kitu. Akiwa na Bonge anaongea kama zamani, akiwa na jirani anaongea, akiwa na mdoli ndiyo usiseme. Nikiingia mimi anakaa wima. Haniiti mama, ananiita mama yangu mdogo, neno zima. Ananijibu vizuri kabisa, kila sentensi inafika mwisho. Shemeji yako aliona ni adabu, akamsifu. Jana alikuja jikoni, akasimama mlangoni, akakunja mikono, akasema, "Mama yangu mdogo, ninaomba maji ya kunywa." Zamani angeingia akajichotea huku ananisimulia habari za kuku. Nikampa. Akanywa yote, akanirudishia kikombe, akasema, "Ahsante sana."

Njoo, Dada.

Mdogo wako